Mita ya pikipiki inayolia: tafuta kwanza ni kipi kinacholia

Swali: Fundi, pikipiki yangu ina mita ya mshale, ile inayozungushwa na kebo kutoka gurudumu la mbele. Ilianza kutoa mlio mwembamba, mkali, nikifika kama kilomita 30 kwa saa. Asubuhi ndiyo ulikuwa mbaya zaidi. Nikishakwenda mwendo kidogo unapungua. Mshale nao ulikuwa unayumba. Nikachomoa kebo, nikaijaza grisi mwanzo hadi mwisho, kukawa kimya kwa siku kadhaa. Sasa mlio umerudi, na mshale unaonyesha kasi kubwa kuliko ninayokwenda. Nikisimama, unachelewa kurudi kwenye sifuri. Fundi mmoja ameniambia ninunue mita mpya. Ni kweli imekufa? Na je, naweza kuendesha nikiwa nimeichomoa kebo?

Jibu: Usinunue bado, ndugu yangu. Hapo una hitilafu mbili. Ya kwanza ilikuwapo kabla hujagusa chochote, ya pili imeletwa na grisi. Mita yako inawezekana ni nzima kabisa, ila imechafuka ndani. Lakini kabla hujaifungua kuisafisha, tafuta kwanza ule mlio wa mwanzo ulitoka wapi. Ukisafisha mita ukaacha chanzo kilivyo, mlio utakurudia.

Kelele ya spidomita ya kebo ina makao matatu tu. Kuna gia ya mita, ile iliyo pembeni ya gurudumu la mbele. Kuna kebo yenyewe, yaani waya unaozunguka ndani ya ganda lake. Na kuna mita. Shida ni kwamba sikio haliwezi kukuambia ni ipi kati ya hizo. Ganda la kebo lina chuma ndani yake, na chuma husafirisha sauti vizuri sana: gia iliyokauka kule chini utaisikia kwenye usukani. Na kama mita imefungwa ndani ya ganda la taa kubwa, ganda lile lenye uwazi hugeuka ngoma. Mlio mdogo wa bushi, yaani kibomba kidogo ambamo ekseli ya mita huzunguka, unatoka humo ukiwa umekuzwa. Ndiyo maana karibu kila anayesikia kelele hii huapa kwamba inatoka kwenye mita, na ndiyo maana mita nyingi nzima hutupwa.

Nikueleze kilichomo ndani, kwa sababu ukishakielewa utajisomea dalili mwenyewe. Mashine hii ni ya zamani. Mjerumani Otto Schulze aliisajili hataza yake mwaka 1902, na mita za kebo zinazoendelea kutengenezwa bado zinafuata wazo lake. Waya wa kebo unazungusha ekseli ndogo, na juu ya ekseli hiyo kuna sumaku. Sumaku inazunguka ndani ya kikombe chepesi cha aluminiamu bila kukigusa kabisa. Kati yao kuna uwazi mdogo sana wa hewa. Sumaku inapopita, inazalisha mikondo ya umeme ndani ya aluminiamu, na mikondo hiyo inakivuta kikombe kitake kuifuata sumaku. Springi nyembamba iliyoviringishwa inakizuia. Kadiri sumaku inavyokwenda kasi ndivyo kikombe kinavyovutwa zaidi dhidi ya springi, na mshale uliofungwa juu ya kikombe unapanda. Gurudumu likisimama, mvuto unakwisha na springi inaurudisha mshale chini.

Kwa hiyo, sehemu inayopima kasi haigusani na kitu. Haiwezi kulia. Ndani ya mita kinachoweza kulia ni ile ekseli ndogo ya sumaku inapopita kwenye bushi yake, pale kwenye shingo ambapo nati ya kebo hufungwa, pamoja na vigia vinavyozungusha namba za kilomita. Bushi ile hutiwa mafuta kidogo kiwandani na inatarajiwa kuishi nayo miaka mingi. Mafuta yakikauka, ekseli haitelezi tena sawasawa: inakwama na kuachia, inakwama na kuachia, mara nyingi kwa sekunde moja, na huo mtetemo ndio mlio unaousikia. Asubuhi, mabaki ya mafuta yakiwa baridi na mazito, hali ni mbaya zaidi. Yakipata joto yanalainika na mlio unapungua. Hivyo ndivyo ulivyoeleza wewe mwenyewe.

Sasa dalili. Mlio ukija pamoja na mshale kuyumbayumba, hasa kwenye mwendo mdogo, mshukiwa wa kwanza ni kebo. Waya uliokauka au uliopinda unakwama ndani ya ganda, unajisokota, kisha unaachia kwa ghafla. Mshale unaruka kwa sababu sumaku kweli inazungushwa kwa mirukoruko. Mlio mwembamba huku mshale umetulia ni dalili ya bushi ya mita. Mkwaruzo mzito, au tik-tik inayofuata mzunguko wa gurudumu, unaelekeza kwenye gia ya chini. Mshale ukiwa umekufa huku namba za kilomita zinahesabu, kebo na gia ni salama na tatizo limo ndani ya mita. Vyote viwili vikifa kwa pamoja, anza na kebo na gia.

Kesi yako ina mlio wa bushi na myumbo wa kebo kwa pamoja. Si ajabu. Kebo iliyokauka huitikisa ekseli ya mita na kuichosha bushi, na bushi iliyokauka huilemea kebo. Vitu hivi huzeeka pamoja, na kwa sababu hiyo siamini tiba inayogusa kimoja tu.

Kabla ya kufungua chochote, hakikisha kwamba kelele ni ya spidomita kweli. Simamisha pikipiki kwenye stendi ya kati, inua gurudumu la mbele lizunguke huru, kisha lizungushe kwa mkono. Sikiliza breki inavyokwaruza, sikiliza beringi. Ukiwa barabarani, gusa breki ya mbele kidogo tu: kelele ikibadilika au ikinyamaza, chunguza breki kwanza na uiache mita. Gurudumu likiwa bado juu, zungusha usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto mpaka mwisho, huku gurudumu likizunguka. Mlio unaokuja usukani ukiwa upande mmoja tu maana yake kebo imebanwa au imepindwa mno mahali fulani.

Baada ya hapo ondoa kebo nzima, juu na chini. Nasisitiza nzima, kwa sababu wengi hufungua nati ya juu pekee na kuliacha ganda likining'inia. Kebo nyingine waya wake hauna cha kuuzuia. Unaweza kuteleza ukatoka, na hutaki waya wa chuma uning'inie karibu na gurudumu linalozunguka. Ziba tundu la gia kwa kitambaa safi au plastiki ili vumbi na maji visiingie, kisha endesha mwendo mfupi mahali salama. Mlio ukiwa bado upo, uko kwenye gia ya chini au kwenye gurudumu. Ukinyamaza, ni kebo au mita.

Hapa ndipo watu wengi huhukumu haraka. Kebo ikitolewa na kelele ikaisha, wanasema "basi ni kebo," wananunua mpya, na kelele inarudi siku ileile. Kumbuka kwamba ulipoitoa kebo uliisimamisha mita pia. Ili uvitenganishe viwili hivi lazima mita izungushwe peke yake, bila kebo. Unahitaji drili yenye kasi ya kurekebishwa na kipande cha waya wa kebo ya zamani chenye ncha ya mraba. Bana kipande hicho kwenye drili, ingiza ncha kwenye tundu la mita, na anza polepole. Kwanza zungusha kwa vidole uone upande upi unapandisha mshale. Kwenye mita nyingi utalazimika kuiweka drili irudi kinyume. Ukikosea upande, mshale utajisukuma dhidi ya pini yake ya sifuri, kwa hiyo usiendelee.

Kipimo hiki pia kinakuambia kama mita inasoma sawa. Spidomita nyingi huandikwa uwiano wake usoni, kwa herufi ndogo sana. Iliyoandikwa 1000 huhesabu kilomita moja kwa mizunguko 1000 ya kebo, kwa hiyo drili ikizunguka mara 1000 kwa dakika mshale unapaswa kuwa kwenye 60. Pikipiki nyingi za Kijapani zina 1400, wakati mwingine huandikwa 1:1.4, kwenye hizo mizunguko 1000 kwa dakika itakupa takriban 43. Huhitaji usahihi wa maabara. Unachotafuta ni mshale unaopanda taratibu, unaotulia, na unaoshuka mara moja drili ikisimama. Mita ikilia kwenye drili, umemkamata mhalifu. Ikiwa kimya, irudie kebo.

Kebo haina siri nyingi. Vuta waya utoke kwenye ganda. Kebo nyingine waya hutoka upande mmoja tu kwa sababu ya kizuizi cha upande wa pili, na chache hazitoki kabisa, hizo hubadilishwa nzima. Usafishe kwa mafuta ya taa, ukaushe. Pitisha kitambaa kuanzia mwanzo hadi mwisho; kikinaswa, kuna nyuzi zilizokatika na waya huo umekwisha, hata kama unaonekana mzima. Kisha ulaze juu ya kioo au meza tambarare na uuviringishe kwa kiganja. Waya mzuri hubingirika bila kuruka. Wenye mkunjo utaruka kila mzunguko, na hakuna grisi ya duniani itakayoutibu mkunjo huo. Mwisho shika ncha zote mbili, uache waya uning'inie kwa tao, zungusha ncha moja polepole uangalie ya pili. Inapaswa kufuata palepale. Ikibaki nyuma kisha ikaruka, umepata sababu ya mshale kuyumba. Angalia na pembe za zile ncha za mraba: zikiwa za mviringo, zitateleza ndani ya mita.

Ganda nalo litazame. Tafuta mahali lilipoungua kwa kugusa ekzosi, lilipominywa na kamba ya kufungia, au lilipopindwa kwa kona kali. Kona ya kebo isiwe ya kubana. Tao lenye nusu kipenyo cha sentimita 15 au zaidi ni salama. Kebo mpya iliyofungwa kwa njia mbaya hulia kuliko ya zamani iliyofungwa vizuri.

Sasa grisi, mahali ulipojikwaa. Waya wa kebo umesokotwa. Unapozunguka, misokoto yake hufanya kazi ya parafujo na kuisukuma grisi kupanda. Ukiijaza kebo mwanzo hadi mwisho, ziada haina pa kwenda isipokuwa ndani ya shingo ya mita. Kwa siku chache za kwanza grisi ile inalainisha bushi na unafurahia ukimya. Kisha inaendelea kupanda, inafika kwenye sumaku na kikombe, na ule uwazi mdogo wa hewa unajaa utando mzito. Sasa sumaku haikivuti kikombe kwa mikondo ya umeme pekee, inakiburuta pia kwa grisi. Mshale unapanda kupita kiasi. Ukisimama, grisi hiyohiyo inakishika kikombe kisirudi haraka. Dalili zako zote za sasa ziko humo, na hazisemi chochote kuhusu uzima wa mita.

Kiasi sahihi ni kidogo kuliko mkono unavyotaka kupaka. Chukua grisi laini ya lithiamu, iweke kwenye vidole, uvute waya katikati yake mpaka ubaki na utando tu wa kung'aa. Paka theluthi mbili za chini. Sehemu ya juu iliyobaki iache bila grisi. Kitakachopanda chenyewe kitatosha. Usitumie zile dawa za kupulizia za kulegeza kutu kama kilainishi. Zinasafisha, zinalegeza, halafu zinayeyuka kwenda hewani na kuiacha kebo kavu kuliko mwanzo.

Kuhusu gia ya mita: ukitoa gurudumu la mbele utaiona pembeni yake, ikiendeshwa na meno mawili yanayoingia kwenye nafasi za kitovu cha gurudumu. Futa grisi ya zamani, ambayo mara nyingi huwa imechanganyika na vumbi ikawa msasa, na utazame meno ya gia, hasa kama ni ya plastiki. Usipoteze zile washa nyembamba, na kumbuka zilivyopangwa. Weka grisi mpya ya wastani. Kama breki yako ya mbele ni ya drami, hapa uwe mchoyo kabisa: gia na breki ni majirani, na grisi inayofika kwenye viatu vya breki ni hatari ya kweli, wakati mlio wa mita ni kero tu. Unaporudisha gurudumu, hakikisha yale meno mawili yameingia kwenye nafasi zake kabla hujakaza ekseli ya gurudumu. Zungusha gurudumu taratibu kwa mkono mpaka uyahisi yakiingia. Ukikaza yakiwa nje ya nafasi unayaponda, na hiyo ndiyo njia ya kawaida zaidi ya kuua gia ya mita baada ya kuziba pancha. Pia nyumba ya gia ina pembe inayopaswa kukaa kwenye kizuizi cha shokapu. Isipokaa hapo, nyumba nzima itajaribu kuzunguka na gurudumu na kuisokota kebo.

Tuingie kwenye mita sasa. Kwa mtu ambaye mita yake inalia tu, bila kuwa na grisi ndani, kazi ni ndogo na haihitaji kuifungua. Itoe, igeuze shingo iwe juu, tia tone moja la mafuta mepesi ya cherehani pembeni mwa ekseli, pale inapoingia kwenye bushi. Zungusha kwa vidole, subiri literemke, tia la pili. Mita nyingine za zamani zina kitundu kidogo ubavuni mwa shingo chenye kipande cha sufi ndani. Tone liende humo. Mawili matatu yanatosha. Iendeshe kwa drili dakika chache, ifute, iache isimame wima kwa muda kabla ya kuifunga. Mlio ukinyamaza hapo, umemaliza. Watu hawaamini kwamba kelele iliyokuwa ikiwatesa namna ile inatibika kwa matone mawili ya mafuta, lakini ndivyo ilivyo mara nyingi sana.

Wewe huna njia hiyo fupi. Grisi imeshaingia, na kuongeza mafuta juu yake kutaisambaza zaidi. Usidanganyike pia kupuliza petroli au dawa ya kusafishia breki kupitia shingoni. Itayeyusha grisi, ndiyo, na kuipeleka juu kwenye uso, na huko inaweza kuharibu rangi ya namba na kioo cha plastiki.

Lazima ifunguliwe. Kama kioo kimefungwa kwa skrubu, una bahati. Nyingi zina pete ya bati iliyokunjwa kuzunguka ukingo, nayo hukunjuliwa polepole kwa bisibisi butu, milimita chache kwa wakati, ukizunguka pande zote na kurudia, bila kuinua sehemu moja kwa nguvu. Haraka ndiyo inayoipasua. Mshale ukionekana, uinue kidogo upite juu ya pini ya sifuri na uuache utulie wenyewe. Utashuka chini ya sifuri na kusimama mahali fulani. Weka alama pale kwa kalamu. Hiyo alama ndiyo kumbukumbu yako pekee ya mkazo wa springi, na bila hiyo utaurudisha mshale kwa kubahatisha. Sasa uvute juu wima, ukiuzungusha kidogokidogo. Umeshikiliwa kwa kubana tu.

Ondoa uso kwa skrubu zake mbili. Hapo utaona kikombe, springi na sumaku. Futa grisi kwa pamba ya kijiti iliyochovywa kwenye spiriti safi, ile ya aisopropili, ukizungusha sumaku polepole ili uifikie yote. Springi usiiguse, usiipake mafuta, usiivute hata kwa kuijaribu. Ikipata mafuta, miviringo yake hunatana, na springi iliyonatana hufanya kazi kama fupi zaidi na ngumu zaidi. Mshale utasoma chini ya kasi halisi, kosa baya kuliko hilo ulilonalo. Usigonge mita kwa nyundo na usiilaze karibu na spika au sumaku nyingine. Sumaku ikipungua nguvu, mita husoma chini na huna namna ya kuirekebisha nyumbani.

Ukishasafisha, shika ekseli ya sumaku na uitikise kushoto na kulia. Mchezo mdogo sana ni kawaida. Lakini ikicheza kiasi cha sumaku kugusa ukuta wa kikombe, au ukiona mikwaruzo inayong'aa ndani ya kikombe, bushi imekuwa yai na yule fundi alikuwa sahihi: tafuta mita nyingine. Isipocheza hivyo, tia tone kwenye bushi kama nilivyoeleza, rudisha uso, rudisha mshale kwenye alama, upandishe juu ya pini, ujaribu kwa drili kabla ya kuikunja pete tena.

Unapofunga kebo kwenye mita, ingiza waya kwanza chini kwenye gia, kisha juu. Nati ya juu ikaze kwa vidole huku mwenzako akizungusha gurudumu polepole ili ncha ya mraba ijipate kwenye tundu lake. Ikigoma ukiwa bado na nyuzi kadhaa za nati mbele yako, usichukue koleo. Waya haujaingia sawasawa, au ni mrefu kuliko inavyotakiwa. Unatakiwa kuwa na mchezo wa milimita moja hivi kwenda juu na chini. Waya mrefu unaisukuma ekseli ya sumaku juu muda wote, nao ni chanzo cha mlio ambacho wachache hukifikiria, hasa baada ya kununua kebo isiyo ya pikipiki yako.

Baada ya hapo linganisha mshale na programu ya GPS ya simu iliyofungwa imara kwenye usukani, kwenye barabara iliyonyooka na mwendo usiobadilika. Bora mwingine aisome, usiitazame wewe. Mshale ukiwa juu kidogo ya GPS usihangaike. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa, inayofuatwa na watengenezaji wengi, inataka spidomita isionyeshe kamwe kasi ndogo kuliko halisi, kwa hiyo viwandani huzipendelea zisome juu kidogo. Ukiona iko chini ya GPS, ndipo urudi kuitazama springi.

Ukilazimika kununua mita, usiangalie umbo na tundu za skrubu tu. Linganisha ile namba ya uwiano usoni. Mita ya 1000 kwenye pikipiki ya 1400 itakuonyesha 84 ukiwa kwenye 60, na itakuhesabia kilomita ambazo hukuzitembea.

Kuendesha bila kebo kwa siku chache za kusubiri vipuri hakuharibu injini wala gurudumu. Lakini nchi nyingi zinadai spidomita inayofanya kazi, kilomita hazitahesabiwa, na utapitwa na ratiba ya kubadilisha oili usipoziandika. Gia ya chini itaendelea kuzunguka yenyewe, kwa hiyo kama ndiyo iliyokauka itazidi kujila. Toa kebo yote, usiikunje ukaifunga kwenye shokapu, na uzibe tundu la gia na shingo ya mita kabla ya mvua.